Listi za Marvel Zinazozunguka Mombasa: Ipi ya Kufuata, Ipi ya Kuiacha

Kwa asiye na nafasi ya kusoma yote, jibu langu ni hili: tazama filamu za mashujaa wa Marvel kwa kufuata mwaka zilivyotoka. Anza na Iron Man ya 2008, nenda nazo moja moja mpaka Avengers: Endgame ya 2019, kisha umalizie na Spider-Man: Far From Home ya mwaka huohuo. Hizo ni filamu 23, karibu saa 50 za kutazama. Listi nyingine zipo, na baadhi zina faida zake, lakini mtu ambaye hajaona hata filamu moja simpi nyingine ila hiyo.

Mimi nafanya kazi saiba, upande wa Mwembe Tayari. Wateja wetu wengi ni wa fomu na barua za kuomba kazi, lakini shule zikifungwa huja vijana na simu mkononi wakitaka waprintiwe "listi ya Marvel" wakaibandike ukutani. Karatasi zile nikizipanga kwenye kaunta naona kila moja inapingana na mwenzake. Huyu ameambiwa aanze na Captain America, yule na Iron Man, mwingine na Captain Marvel. Nami filamu hizi nazipenda kwa dhati, na naona uchungu mtu akiziingia kwa mlango usiofaa kisha akatoka akisema hazina maana. Kwa hivyo listi zinazozunguka nimezijaribu nyumbani kwetu Kibokoni, likizo moja baada ya nyingine, na hapa natoa hukumu yangu.

Watazamaji wangu ni wapwa zangu, wifi yangu, na mama. Mama ndiye mizani yangu. Ujana wake ulipita kwenye sinema za Regal na Majestic akifuata picha za Kihindi, kwa hivyo hadithi ya saa tatu yenye ndugu waliopoteana haimtishi hata kidogo. Kiingereza hakifuati, mpwa wangu mkubwa humtafsiria chinichini. Swali lake ni lilelile kila filamu: "Huyu mtoto wa nani, na ana ugomvi gani na yule?" Listi ikiwa nzuri, mama hujijibu mwenyewe kabla hatujafungua mdomo. Ikiwa mbaya, tunasimamisha filamu kila dakika kumi kumweleza.

Na kipimo changu cha pili ni siri. Waliotengeneza filamu hizi walijua vyema mtazamaji ameshajua nini kila anapofika kwenye filamu mpya, na wakaamua wamfiche nini na mpaka lini. Ukizipanga upya, siri zinatoka kabla ya wakati wake, na penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Nianze basi na listi ya mwaka wa kutoka. Iron Man inamhusu Tony Stark, tajiri wa silaha anayetekwa Afghanistan akajitengenezea vazi la chuma ndani ya pango. Ni filamu ya mtu mmoja, haikudai ujue chochote kabla yake. Majina yanapita, watu wanajinyoosha kuinuka, ndipo kinapokuja kipande kifupi: Tony anaingia kwake usiku, na gizani amesimama mtu mwenye kitambaa jichoni anayemwambia kwamba hayuko peke yake. Mwaka 2008 watazamaji hawakujua mlango ule unafungukia wapi. Mama aliuliza, "Na huyu wa jicho moja katoka wapi?" Mpwa wangu akamwambia, "Tulia bibi, utamjua." Hilo ndilo jibu linalofaa, na ni listi hii inayokuruhusu kulitoa.

Hebu nilifuate hilo jicho, maana linaonyesha tofauti ya listi hizi kuliko maelezo yangu yote. Mwenye jicho ni Nick Fury, anayeigizwa na Samuel L. Jackson. Filamu baada ya filamu anatembea na kitambaa chake wala hasemi kilichompata. Kwenye Captain America: The Winter Soldier, ya 2014, anamwambia Steve Rogers, ndiye Captain America mwenyewe, kwamba mara ya mwisho alipomwamini mtu alipoteza jicho. Filamu yenyewe ni ya usaliti, kila anayetabasamu humo unamshuku, na Jackson anayatamka maneno hayo uso umekaza. Sebule yetu ilinyamaza. Kila mmoja akatunga kisa chake kichwani: vita, mateso, rafiki aliyemgeuka. Kisha inakuja Captain Marvel, ya 2019, inayoturudisha mwaka 1995, Fury bado kijana, macho yake yote mawili mazima. Mwishoni mwa filamu moja linakwenda. Lilivyokwenda sisemi. Nasema tu kwamba wapwa zangu walipiga ukelele mpaka jirani akatuita dirishani, na mama, aliyekuwa amekaa na kisa chake cha mateso tangu likizo ilipoanza, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Anayefuata miaka ya ndani ya hadithi anaiona Captain Marvel ikiwa ya pili. Akifika The Winter Soldier ameshajua mambo ya jicho, na yale maneno mazito ya Fury yanamchekesha pale ambapo alitakiwa aogope. Filamu ni zilezile, waigizaji walewale, ila ameporwa hofu ya kwanza na kicheko cha pili kwa pamoja.

Mfano mwingine ni wa peja. Mwisho kabisa wa Avengers: Infinity War, majina yameshapita, Fury anawahi kutuma ujumbe kwa peja kuukuu ya miaka ya tisini. Inaanguka barabarani, kioo chake kinawaka, inatokea alama ya nyota. Basi, giza. Filamu hiyo ilitoka Aprili 2018, na watu wakakaa karibu mwaka mzima wakiulizana ile nyota ni ya nani, hadi Captain Marvel ilipotoka Machi 2019 na Endgame ikafuata mwezi wa Aprili. Ukifuata mwaka wa kutoka, unalala na swali hilo siku mbili, kisha unapata jibu. Ukifuata miaka ya hadithi, umeshaiona peja ikikabidhiwa kwa mkono filamu nyingi kabla, na ile nyota haikushtui.

Kasoro za listi hii nazijua. Inaruka mbele na nyuma: baada ya maafa ya Infinity War unapelekwa 1995, inabidi umkumbushe mtazamaji kwamba sasa ni zamani. Waigizaji wanabadilika pia. Hulk wa 2008 ni Edward Norton, kuanzia 2012 ni Mark Ruffalo. Rafiki yake Tony, yule mwanajeshi Rhodes, ni Terrence Howard katika filamu ya kwanza na Don Cheadle katika ya pili. Mama hilo halikumpendeza hata kidogo, na filamu ya Hulk ya 2008 aliilalia usingizi. Watu wengi huiruka. Mimi nasema uvumilie, kwa sababu Jenerali Ross wa filamu ile anarudi na madaraka makubwa katika Captain America: Civil War ya 2016, na Captain America: Brave New World ya 2025 inachimbua mambo ya 2008 kana kwamba yalitokea jana.

Nyingine inayorukwa ni Thor: The Dark World ya 2013. Kweli ni nzito, adui wake hana ladha, na katikati yake nilimwona wifi akichezea simu. Lakini ndani yake yupo mamake Thor. Endgame inarudi kwenye siku zile za 2013, mtu na mamake wanazungumza, na mazungumzo yale hayana uzito wowote kwa mtu asiyekuwa ameishi na yule mama humo. Mama yangu alizima kelele zote sebuleni kwa mkono mmoja ili ayasikie, ingawa Kiingereza hakijui. Kwa ajili ya dakika zile peke yake, The Dark World inabaki kwenye listi yangu.

Badiliko moja naliruhusu. Guardians of the Galaxy Vol. 2 ilitoka 2017, lakini hadithi yake inatokea 2014, miezi michache baada ya ile ya kwanza. Ukizifuatanisha mbili hizo hakuna siri inayovunjika, na watoto humfurahia Groot mdogo, yule kiumbe wa mti, wakiwa bado wanamkumbuka alivyokuwa mkubwa. Nyingine zote ziache zilipo. Listi hii naipa 9 kwa 10, na hiyo moja iliyopungua ni ya mama na Hulk wake aliyebadilishwa.

Sasa ile ya kufuata miaka ya hadithi, ambayo ndiyo ninayoprinti zaidi. Ina heshima yake. Huduma ya mtandaoni ya Disney, wenye Marvel, imeweka filamu zake kwa mpangilio huo kwa anayetaka. Inaanza na Captain America: The First Avenger, vita vya pili vya dunia, kisha Captain Marvel, ndipo Iron Man ije. Ukiisoma kwenye karatasi inavutia sana: historia kuanzia mwanzo, kama inavyofundishwa darasani.

Na ipo faida moja ambayo lazima niitaje kwa haki. Kuna mchemraba wa buluu, Tesseract, unaopita mikononi mwa watu katika filamu hizi. Wanazi wanauiba Norwe, unazama baharini, babake Tony Stark anauopoa, mwaka 1995 unagombaniwa tena, halafu mwaka 2012 Loki, ndugu yake Thor, anakuja kuuchukua katika The Avengers. Kwa mpangilio wa kutoka mama alikuwa akiupoteza. Tulipokuja kuzirudia kwa miaka ya hadithi aliufuata hatua kwa hatua, "kile kijisanduku", akajua kimetoka kwa nani kikaenda kwa nani, akatutangulia sote kusema Loki anataka nini. Kwa hilo listi hii inaipita ya kwanza.

Lakini hasara yake kwa mgeni ni kubwa mno. Captain Marvel ikiwa ya pili, kile kipande cha katikati ya majina kinakupeleka moja kwa moja baada ya Infinity War: mashujaa ambao hujawaona hata mara moja wamekaa na huzuni, wanahesabu watu waliopotea, na ile peja mezani. Hujui hawa ni kina nani, na tayari umeambiwa watashindwa. Ant-Man and the Wasp, ukiiweka kabla ya Infinity War kama karatasi nyingi zinavyosema, mwisho wake unakumwagia tukio kubwa kuliko yote kabla hujaliona. Na Black Widow ndiyo mbaya zaidi. Filamu hiyo ilitoka 2021, ikicheleweshwa na korona, lakini hadithi yake iko mara tu baada ya Civil War. Wanaofuata miaka huipachika hapo. Kipande chake cha mwisho kinaonyesha jambo ambalo Endgame ilikuwa imelitunza kwa uangalifu mkubwa, na ukishalijua, unazitazama Infinity War na Endgame roho imeshatulia pale ilipotakiwa idunde. Kijana mmoja alirudi saiba na karatasi yake akinilalamikia kwa hasira kabisa, na nilimwelewa.

Atakayesema "basi nitazima kabla ya majina" anajinyima nusu ya raha. Vipande vile ndivyo gundi ya filamu hizi.

Kwa hiyo: kwa anayerudia, 8 kwa 10. Kwa mgeni, 4.

Ipo listi ya tatu ambayo hakuna aliyeipanga, na naamini imeharibu starehe ya watu wengi Mombasa kuliko zote. Ni ile ya flashi. Mtu ananunua flashi imejaa filamu, anaichomeka kwenye televisheni, televisheni inazipanga kwa herufi. Sasa tazama kinachotokea. Ya kwanza inakuwa Ant-Man, inafuata Ant-Man and the Wasp, halafu Avengers: Age of Ultron, halafu Avengers: Endgame, ndipo Avengers: Infinity War. Mwisho umekuja kabla ya kilichousababisha! Na The Avengers ya 2012, ile inayowakutanisha kwa mara ya kwanza, ikiwa imeandikwa na "The" mbele, iko chini kabisa jirani na The Incredible Hulk. Mzee mmoja mpole, mteja wetu wa siku nyingi, aliniuliza, "Mwanangu, mbona hawa wanalia tangu filamu inaanza? Kafa nani?" Alikuwa amefungua Endgame bila ya Infinity War, na pale alipoinunua flashi hawakumwambia kitu. Nikasikitika, kwa sababu alikuwa ameifuata kwa moyo wake wote mpaka mwisho, saa tatu nzima, akijaribu kuelewa.

Dawa yake ni ndogo. Fungua flashi kwenye kompyuta, badilisha majina ya faili, weka namba mbele: 01 Iron Man, 02 The Incredible Hulk, 03 Iron Man 2, 04 Thor, 05 Captain America, 06 The Avengers, na kuendelea. Hiyo sifuri ya mbele usiiache. Ukiandika 1, 2, 3 peke yake, televisheni nyingi zitaipeleka 10 mara tu baada ya 1, na 20 kabla ya 3, urudi kulekule. Hakikisha pia kwamba mbili zenye jina linalofanana hazijakorogwa. Nimeona Thor ya 2011 imeandikwa Ragnarok, na Ragnarok haipo kabisa. Wateja wangu wanaoprinti listi nawapangia flashi papo hapo, ni kazi ya muda mfupi tu.

Ya nne ni listi fupi, ya watu wa kazi. Hawana saa 50, wana wikendi mbili na mtoto anayetaka kujua Thanos, yule adui mkuu wa Infinity War na Endgame, ni nani. Inayozunguka sana ina filamu nane: Iron Man, The First Avenger, The Avengers, The Winter Soldier, Civil War, Black Panther, Infinity War, Endgame. Msingi wake ni mzuri kuliko wengi wanavyodhani, maana waandishi walewale wawili, Christopher Markus na Stephen McFeely, ndio walioandika filamu tatu za mwanzo za Captain America pamoja na Infinity War na Endgame. Unafuata kalamu moja, na urafiki wa Steve na Tony unavyojengwa hadi unavyovunjika unauona bila kukatika.

Ila imewaacha watu wawili ambao Infinity War haiwezi kwenda bila wao. Wa kwanza ni Gamora. Infinity War kwa kweli ni hadithi ya Thanos na binti yake wa kulea. Usipokuwa umeiona Guardians of the Galaxy ya 2014, yule binti ni mgeni kwako na machungu yake hayakugusi. Wa pili ni Thor. Infinity War inafunguka ndani ya meli iliyojaa maiti, na meli hiyo ni ya watu wake Thor waliotoka hai katika Thor: Ragnarok ya 2017. Mama, aliyeshika tangu mwanzo kwamba Thor na Loki ni ndugu wa kulea na kwamba mdogo ana wivu, alishika kichwa kwa mikono miwili katika dakika zile za kwanza. Ongeza hizo mbili, ziwe kumi. Listi fupi ya kumi naipa 7, ile ya nane naipa 5.

Black Panther yataka maneno yake peke yake, kwa sababu wengi hapa kwetu wanataka waanze nayo. Nawaelewa. Ni filamu ya Mwafrika mfalme, Lupita Nyong'o wa kwetu yumo, na ilishinda Oscar tatu, ya mavazi, ya muundo wa mandhari na ya muziki. Hata hivyo nakuomba uitangulize Civil War. Kule mwanzoni, mlipuko wa Lagos unawaua watu wa Wakanda, ule ufalme wa Black Panther. Kwa ajili hiyo Mfalme T'Chaka anakwenda Vienna. Na Vienna ndiko anakouawa, mwanawe T'Challa, ndiye Black Panther, akamkumbatia sakafuni. Black Panther inayagusa hayo kwa taarifa fupi ya habari kisha inaendelea, kwa sababu inajua umeshayaona. T'Challa wa Civil War anawaka kisasi, na mwisho wa filamu anachagua kutokuua. Ukimjua hivyo, ndipo unapoelewa kwa nini adui yake Killmonger anamsumbua kiasi kile: anatazama kisasi alichokikataa yeye. Na Klaue, yule mwizi wa vibranium, madini ya Wakanda, mwenye mkono wa bandia, mkono wake wa kweli ulikatwa katika Age of Ultron ya 2015.

Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020. Black Panther: Wakanda Forever ya 2022 inafungua kwa maziko ya T'Challa, na haifai kuonwa na mtu ambaye hajakaa na T'Challa tangu Vienna, Wakanda, hadi uwanja wa mwisho wa Endgame. Kwetu iliangaliwa kwa adabu kama tuko matangani.

Nje ya hapo mambo ni mepesi zaidi. Watoto huniuliza Batman anakutana lini na Iron Man. Hawakutani, Batman, Superman na Wonder Woman ni wa DC, kampuni nyingine kabisa. Huko anza na Man of Steel ya 2013, Batman v Superman ya 2016, Wonder Woman ya 2017, kisha uchague Justice League moja kati ya mbili. Mimi nachagua ya Zack Snyder ya 2021, ingawa ni ya saa nne, maana ile ya 2017 ilimaliziwa na mwongozaji mwingine na mshono unaonekana. Superman ya 2025 inaanza upya, haidai lolote la nyuma.

X-Men walikuwa mikononi mwa Fox mpaka Disney ilipoinunua mwaka 2019, ndiyo sababu walikaa mbali na Avengers miaka yote hiyo. Huku msimamo wangu ni mkali zaidi: miaka ya hadithi usiifuate kabisa. X-Men: First Class ya 2011 inatokea 1962, na humo Profesa Charles anapoteza miguu yake Cuba. Lakini X-Men: The Last Stand ya 2006 inafungua na Charles huyohuyo, miaka mingi baada ya 1962, anatembea kwa miguu yake miwili mpaka mlangoni mwa watu. Waandishi walibadilisha mawazo njiani, na ukizipanga kwa miaka unagombana na filamu badala ya kuzifurahia. Fuata mwaka wa kutoka, kuanzia ile ya 2000, na ukifika Days of Future Past ya 2014 utaona wazee na vijana wamekutanishwa kwa ustadi mkubwa. Logan ya 2017 ni nzuri kuliko zote, lakini ni ya damu na matusi. Hiyo na za Deadpool watoto wakae mbali nazo.

Spider-Man ni wa Sony kwa upande wa filamu, na ni mapatano ya 2015 yaliyomwezesha kuingia Civil War. Filamu zake za Tom Holland zifuate ndani ya listi kubwa. Ila kabla ya Spider-Man: No Way Home ya 2021, rudi uone tatu za Tobey Maguire, 2002, 2004 na 2007, na mbili za Andrew Garfield, 2012 na 2014. Maadui wa filamu zile wanarudi, na No Way Home haisimami kuwaeleza. Wifi aliiona Nyali Cinemax bila hizo tano, akatoka akiuliza mbona watu ukumbini walikuwa wanapiga makofi.

Neno la mwisho la matumizi, kwa wanaotazama nyumbani kama sisi. Agosti ndio mwezi wake: upepo wa kusi unapoza ua, shuka jeupe ukutani na projekta ya kuazima zinatosha, na kachiri za muhogo zinaliwa bila mtu kutoka jasho. Anzeni baada ya Isha. Filamu moja kwa usiku inatosha. Ukiweka mbili, watoto husinzia ile ya pili na siri ndiyo zinawapita usingizini. Endgame ni dakika 181, kwa hivyo ikateni pale mashujaa wanapogawana makundi kwenda kutafuta mawe ya nguvu, mnywe chai ya tangawizi, mama aulize maswali yake, mrudi. Simu iwe na chaji ya kutosha kama stima inapotea mtaani kwenu, ili mwenye listi aweke alama pale mlipofikia.

Mkimaliza Far From Home, pumzikeni. Baada ya hapo filamu zimechanganyika na tamthilia, na kufuata kila kitu kunachosha. Shang-Chi ya 2021 inaweza kutazamwa karibu peke yake. Guardians of the Galaxy Vol. 3 ya 2023 inawafungia hadithi yao Guardians, na kwetu ndiyo iliyopendwa zaidi katika hizi za karibuni. Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022 msiiguse kabla ya tamthilia ya WandaVision, hamtaelewa Wanda anatafuta watoto gani. Sisi wikendi hii tunaanza WandaVision, na mama ameshauliza Wanda ni mtoto wa nani.